Kopo Lililoachwa Wazi

Maziwa yakifurika yakamwagikia makaa hutoa harufu ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiyeijua. Ina utamu kidogo, ina uchungu wa kuungua, na nyuma yake kuna moshi. Nikiinusa popote, hata jikoni kwa watu nisiowazoea, narudi Likasi, kwenye chumba kirefu chenye madirisha mawili yaliyotazama barabara ya kwenda Shituru, ambako baba yangu, Sefu, aliuza chai. Maziwa yenyewe yalikuwa ya unga, tusidanganyane, lakini Baba aliyachemsha kwa heshima zote, kana kwamba ameyakama mwenyewe alfajiri. Aliyaacha yafurike kidogo kwa makusudi. Alisema harufu ikivuka barabara ndiyo kibao cha mkahawa wake, na kweli kibao kingine hatukuwa nacho. Mama alisema huo ni uzembe uliotafutiwa jina zuri. Mimi nilikuwa upande wa Baba, kwa sababu maziwa yakishika chini ya sufuria nilipewa kijiko nikwangue ukoko, na katika umri ule sikuwa na siasa nyingine.

Watu waliuita mkahawa ule "kwa Papa Sefu", basi. Babu yangu alikuwa ametoka Kasongo akashuka kusini na biashara ndogondogo, na Baba alirithi kwake birika kubwa la shaba, msala, na tabia ya kutoweza kuketi ilhali mgeni amesimama. Ndani mlikuwa na meza ndefu za mbao zilizosuguliwa hadi zikang'aa, mabenchi, na karibu na mlango wa nyuma mbabula, yaani majiko yetu ya makaa, zilizowashwa kabla ya jua. Hapo Mama alikaanga vitumbula, akichota unga kwa vidole na kuudondosha kwenye mafuta bila kutazama, huku akigombana na mtu wa meza ya mbali. Waliokuja ni wafanyakazi wa kiwanda cha shaba cha Shituru, mafundi wa reli, madereva wa malori, wenye maduka. Waislamu wenye asili ya mashariki kama sisi waliketi bega kwa bega na Wakatoliki wa kila kabila. Mwezi wa Ramadhani, Baba alipofungua baada ya magharibi tu, Wakatoliki nao walisimama nje wakisubiri jua lizame. Mmoja wao, Papa Kalenga, alilalamika kwamba tumbo lake limesilimu bila kumwomba ruhusa.

Saa yetu ilikuwa king'ora cha kiwanda. Kikilia asubuhi, zamu ya usiku ilitoka na ile ya mchana ikaingia, na kwa muda mkahawa wetu ulijaa watu wa aina mbili: waliochoka, wanaokunywa kimya wakiwa wameshika kopo kwa mikono miwili, na waliooga, wanaoongea kwa sauti na kuwacheka waliochoka. Kabla ya king'ora kingine hali ilikuwa shwari, Baba akakata tangawizi, Mama akakanda unga. Nilijua wakati wa kwenda shule kwa king'ora, nilijua wakati wa kurudi kwa king'ora, na nilidhani kila mji duniani una sauti kama ile inayowaambia watu lini wanywe chai. Kipupwe kikija, asubuhi za Likasi zina baridi ya kuuma masikio, na vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu. Lakini ukifungua mlango wa Baba joto lilikupiga usoni, pamoja na tangawizi, mafuta, na jasho la wanaume. Ilikuwa harufu nzuri. Sioni haya kusema hivyo.

Sasa niseme jambo la makopo, maana bila hilo habari yangu haiendi. Kwetu kikombe cha bati huitwa kopo, na ya Baba yalikuwa meupe, yenye ukingo wa buluu uliobanduka hapa na pale. Kwa Papa Sefu chai haikuagizwa. Uliketi, kopo likawekwa mbele yako, na Baba akapita na birika la shaba akilijaza. Likipungua, alipita tena. Aliendelea kupita mpaka wewe mwenyewe ulifunike juu ya meza, mdomo chini. Kulifunika kulikuwa na maana ya kusema nimeshiba, sina kinyongo na mtu humu, naondoka kwa amani. Kopo halikuwekwa chini sakafuni hata kama meza zimejaa, na mtu hakufunikiwa kopo lake na mwingine. Kumfunikia mtu ni kumfukuza. Au ni kumzika, kwa sababu mteja wa siku zote akifariki, Baba alilichukua kopo lake, akalijaza, akalimwaga nje mlangoni, kisha akalifunika juu ya meza mbele ya watu, na wote wakasimama. Niliona hivyo kwa fundi mmoja wa reli, na nilimwona Baba akigeuka haraka kuelekea kwenye mbabula ili tusimtazame uso.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuondoka bila kufunika. Kama umeitwa ghafla, mke ameshikwa na uchungu, lori limepakiwa, msimamizi anakutafuta, ulisema, "Naacha kopo wazi." Hapo Baba alilisafisha, akaliweka wazi, mdomo juu, kwenye rafu iliyokuwa juu ya mbabula, na hakuna aliyelinywea mpaka urudi. Ungeweza kurudi jioni au kesho yake, kopo lingekuwa palepale lina joto la moshi. Baba aliamini kwamba mkahawa wenye kopo wazi una mtu njiani, na mtu akiwa njiani mlango haufungwi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sheria ya serikali.

Papa Kalenga alikuwa na mahali pake, mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Alifanya kazi Shituru tangu ujana. Alikuwa mrefu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa asidi, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ya zamu, jambo ambalo Mama alimtolea mfano Baba kila mara. Aliniita "Patronne", yaani mwenye mali, kwa sababu nilizoea kuketi karibu na makaa na kuwaamuru watu wafunge mlango. Akiingia alivua kofia, akaniuliza kwa unyenyekevu wote kama patronne anamruhusu kuketi, nami nikamkubalia au nikamkatalia kadiri ya hali yangu ya siku hiyo. Siku nikimkatalia alisimama kweli, kopo mkononi, akilalamika juu ya ukatili wa matajiri, mpaka watu wakanisihi nimhurumie. Hakuna mtu mzima mwingine aliyenitii kiasi hicho, na wala hajatokea tangu hapo.

Wahenga wamesema akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyetuambia kwamba mambo yanakwisha. Kwanza zamu zilipungua. Kisha asubuhi moja ya kipupwe, nikiwa darasa la nne, nilichelewa shule kwa sababu king'ora hakikulia. Mwalimu aliuliza kwa nini nusu ya darasa imechelewa, na sote tukajibu jambo lilelile. Kesho yake kililia kwa unyonge, keshokutwa hakikulia, na baada ya hapo kikawa kinalia kinapotaka, kisha kikanyamaza. Mimi niliona ni jambo la kuchekesha. Kwa Baba halikuwa hivyo. Alisimama mlangoni na birika, makopo yakiwa yamepangwa, chai imeiva kwa saa ileile ya siku zote, na barabarani wakapita watu wachache ambao hawakuwa wa zamu yoyote. Siku hiyo maziwa yalifurika mengi kuliko alivyokusudia, na Mama akaenda mwenyewe kuyapangusa.

Wanaume walianza kwenda Kamatanda kuchimba madini kwa mikono. Kamatanda si mbali, lakini palikuwa kama nchi nyingine, maana huko hakuna zamu wala king'ora. Mtu alichimba mpaka mwanga ukaisha au mpaka lori la mnunuzi likaja. Papa Kalenga alikawia kwenda. Aliendelea kuja asubuhi na shati lake la pasi, akiketi dirishani kumsubiri mtu wa kiwandani amletee habari kwamba wanamhitaji. Alikunywa taratibu ili asifike mahali pa kufunika. Baba alijua, akapita na birika mara nyingi kuliko kawaida, akimwaga kidogokidogo, na wote wawili wakajifanya hawaoni. Kisha siku moja kijana wa jirani alipiga kelele nje kwamba gari la kwenda Kamatanda linaondoka na lina nafasi. Papa Kalenga alitazama kopo lake, lilikuwa nusu. Akasimama.

"Papa Sefu, kopo yangu usiifunike," alisema. "Naiacha wazi. Minye nitarudia."

"Iko wazi," Baba akajibu. "Hamuna muntu mwingine atainywea."

"Na weye, Patronne, uiangalie muzuri."

Nilimwambia nitaliangalia, lakini asikawie. Akavua kofia, akaivaa tena, akatoka mbio, na sikuwahi kumwona mtu mrefu vile akikimbia. Baba aliliosha kopo, akaliweka rafuni, mdomo juu. Nililitazama asubuhi ile, na nililitazama kila asubuhi iliyofuata, maana nilikuwa nimepewa kazi.

Kipupwe kilikuwa kirefu mwaka ule. Wateja wapya walikuja, si kwamba hawakuja. Walikuwa wachimbaji kutoka Kamatanda, wengi vijana, wametoka miji ya mbali, nywele zimegeuka rangi ya udongo. Waliingia kwa kishindo, wakanywa haraka wakiwa wamesimama, wakala vitumbula viwili kwa mpigo, wakaacha kopo wazi mezani na kwenda zao. Hawakujua desturi, na Baba, Mungu ambariki kwa moyo wake, hakujua kwamba hawajui. Kila kopo lililoachwa wazi alilisafisha akalipandisha rafuni, akasubiri mwenyewe arudi. Rafu ikajaa. Akaongeza ubao wa pili, nao ukajaa. Ikafika asubuhi ambayo wateja wameketi na makopo ya kuwamiminia hayapo, yote yako juu yakiwangoja watu ambao kwa wakati ule labda walikuwa wameshafika Kolwezi au wameshaumia shimoni. Mama alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni imejaa unga, akamwita Baba kwa jina langu, kama alivyozoea.

"Papa Zuhura, makopo yote iko juu. Bantu batakunywa chai mu mikono?"

"Bao baliacha wazi," alisema Baba.

"Balisema nini wakati balitoka?"

Baba akafikiri. "Balisema merci, aksanti."

"Voilà. Merci si kurudia."

Watu walicheka, na Baba akacheka nao, lakini nilimwona akijishughulisha na birika kwa aibu. Mama alipanda kiti, akateremsha makopo moja baada ya jingine, akayatia kwenye beseni. Alipofika kwenye lile la mwisho kabisa upande wa dirisha, Baba akasema, "Ile ni ya Kalenga." Mama akaliacha. Hata yeye, mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha tangawizi, aliona tofauti. Wale vijana hawakujua walichofanya. Kalenga alijua. Tangu siku hiyo lilibaki peke yake pale juu, na kila mtu aliyeingia aliliona.

Ndipo mnunuzi akaanza kuja. Alikuwa mfanyabiashara wa mawe yenye madini, mtu mpole, mwenye viatu safi, aliyetaka kiwanja chetu ajenge depo ya kupimia mizigo, kwa kuwa malori ya Kamatanda yalipita mbele ya mlango wetu. Mara ya kwanza aliketi, akanywa, akasifu. Mara ya pili alisema wazi: "Papa, hii parcelle yako iko pahali pazuri. Lakini sasa weye unauzisha chai kwa bantu gani?" Baba alimwongezea chai. Akamwambia kwamba restora iko na mtu njiani, na mtu akiwa njiani hawezi kuuza. Yule bwana alimtazama kama anayesubiri mwisho wa mzaha. Alipoona hauji, akafunika kopo lake, maana mtu alishamfundisha, akaaga kwa adabu, akasema atarudi.

Nyumbani kulikuwa na maneno. Hawakupigiana kelele, wazazi wangu hawakuwa watu wa hivyo, lakini nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mkahawa na ukuta ulikuwa mwembamba. Mama alisema unga unaliwa na sisi wenyewe, makaa yanawaka bure, na watoto wanahitaji shule hata mwaka kesho. Dada yake alikuwa Lubumbashi, angetupokea. Baba akamjibu kwa methali, silaha yake ya mwisho siku zote: ahadi ni deni. "Deni ni ya Kalenga," Mama akasema, "si yako." Kisha Mama akasema kwa sauti ya chini zaidi kwamba Kamatanda ni karibu, mtu angeweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa miguu, na kama Kalenga angetaka kufika angefika. Mimi nilikuwa macho chini ya blanketi, nikimchukia Mama kwa kusema kitu ambacho nami nilikuwa nimeshakifikiria.

Maana nilikuwa nimefikiria sana. Nilimtetea kila siku. Nilijiambia yuko shimoni hana nafasi, anaumwa, amepoteza kofia anaona haya kuingia kichwa wazi. Nilitaka arudi si kwa ajili ya chai tu. Nilielewa, kwa akili ile ya mtoto inayoelewa bila kuambiwa, kwamba akiingia akakaa dirishani, akanywa, akafunika kwa mkono wake, basi Baba atakuwa ameshinda, na hata tukihama tutahama kama watu waliomaliza shughuli yao vizuri. Na asipokuja, sijui. Sehemu ile sikutaka kuifikia.

Mijakaranda ya mjini ilikuwa imeanza kutoa maua na joto limepanda, watu wanatazama mbingu wakisubiri mvua ya kwanza. Ilikuwa mchana. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa rangi, mama mmoja alikuwa ameanza kuuza kahawa ya pakiti: maji ya moto kutoka thermosi, unga ndani ya kikombe cha plastiki, koroga, kunywa, tupa. Lori lilisimama pale, wachimbaji wakaruka chini kunywa. Mimi nilikuwa mlangoni kwetu. Nilimtambua kwa urefu. Alikuwa amekonda, suruali imekauka udongo mpaka magotini, kichwani hana kofia, na alikuwa amesimama ametupa mgongo upande wetu, kikombe cha plastiki mkononi. Nilifurahi hivyo hivyo. Nikageuka ndani nikapiga kelele, "Papa Kalenga amerudi!" Baba aliacha kisu. Alikuja mlangoni, akatazama. Akatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua mtu.

Ningependa kusema kwamba Baba alimwita kwa jina. Hakumwita. Alirudi ndani, akapanda kiti, akateremsha lile kopo, akalipangusa vumbi kwa kanzu yake mwenyewe, akalijaza chai ya maziwa mpaka ukingoni. Kisha akavuka barabara, kopo mkononi, akitembea polepole lisimwagike, malori yakimpigia honi. Mimi nilimfuata nikashika ncha ya kanzu. Papa Kalenga alipogeuka na kutuona, alificha kile kikombe cha plastiki nyuma yake, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Papa Sefu," alisema akitazama udongo wa suruali yake, "sikuingia juu ya hizi manguo."

"Manguo haikunywake chai," Baba akamwambia. "Kunywa."

Akanywa. Alikunywa yote akiwa amesimama, macho ndani ya kopo, koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza alitafuta mahali pa kulifunika. Nakumbuka vizuri, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba bado anaijua desturi na anataka kuitimiza. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na meza. Yule mama wa kahawa alikuwa na kiti kimoja alichokikalia na ndoo moja. Papa Kalenga akainama nusu kuelekea chini, kwenye vumbi, kisha akajizuia mwenyewe kabla Baba hajasema neno, maana kopo haliwekwi chini. Akabaki ameinama vile, mtu mrefu, amekwama. Nilitaka kumwambia avuke tu, meza iko pale, mahali pake dirishani pako wazi, patronne anaruhusu. Dereva akapiga honi.

"Camion inaningoya," alisema. "Tunaenda Kolwezi." Akalirudisha kopo mkononi mwa Baba likiwa wazi. Akanigusa kichwa kwa kiganja kilichokwaruza, hakuniita kwa jina lolote, akapanda juu ya mzigo.

"Wende muzuri, ndugu yangu," Baba akasema, lakini lori lilikuwa limeshaanza kuunguruma.

Tulivuka kurudi. Ndani mlikuwa na wazee wawili tu kwenye meza ya nyuma na Mama akichuja mafuta. Baba alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Alisimama pale na kopo lenye majani ya chai chini yake. Nilidhani atalirudisha rafuni. Akaligeuza, akaliweka juu ya meza, mdomo chini, taratibu sana, bila sauti. Wale wazee wawili waliona. Walitazamana, kisha wakasimama, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Mama aliweka chini kichujio.

"Si weye ulikunywa," alimwambia, na sauti yake haikuwa ya kugombana.

"Najua," alisema Baba.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku chache baadaye. Yule mnunuzi aliporudi hakuambiwa habari ya mtu njiani. Alikunywa chai yake, wakazungumza kwa upole, na kabla ya Krismasi tulikuwa Lubumbashi kwa mama mdogo, tukilala wengi chumba kimoja. Baba aliyagawa makopo kwa majirani, akabaki na birika la shaba na kopo moja, na sikuwa na haja ya kuuliza ni lipi. Kule Likasi mikahawa mingine nayo ilifuata. Ule wa karibu na stesheni uligeuka kuwa duka la simu, ule wa sokoni ulibaki jina tu katika vinywa vya madereva. Kila zama na kitabu chake, watu husema, na husema hivyo hasa wale ambao kitabu chao hakijafungwa bado.

Nilimkasirikia Papa Kalenga miaka mingi. Nilisema alikuwa na miguu, barabara ilikuwa nyembamba, na mtu aliyeweza kukimbilia lori angeweza kutembea hatua chache kwenye meza yake. Leo nimekuwa na umri kama wake wa wakati ule, nami nimeshapata kupita mbele ya mlango niliopendwa ndani yake nikiwa sina la kuonyesha, na nilipita upande wa pili nikitazama ukuta. Hasira imepungua. Haijaisha, siwezi kudanganya. Wapo wanaosema walimwona Kolwezi, wapo wanaosema alirudi kwao kijijini. Sijamtafuta.

Mwaka jana nilikwenda Likasi kwa shughuli zangu nikapita barabara ya Shituru. Depo nayo imekwisha, ukuta umebaki na maandishi yaliyofifia. Ng'ambo, pale pa mwavuli, kuna kibanda cha kioo kinachouza kahawa ya mashine, vijana wanaichukua kwenye vikombe vya karatasi vyenye vifuniko na kuinywa wakitembea, simu mkono wa pili. Nilinunua moja. Ilikuwa nzuri, nzuri kuliko chai ya Baba, nisiwe mnafiki, na yule binti aliyenihudumia alitabasamu. Nilipomaliza nilibaki nimeshika kile kikombe. Nilitafuta meza. Yeye akadhani natafuta pipa la taka, akanionyesha kwa kidole.

Baba anakaa nami sasa, Lubumbashi. Amezeeka, Mama ametangulia mbele ya haki, na chai yake namtengenezea mwenyewe kwenye makaa, hata siku ambazo umeme wa bwawa la Koni hautusumbui, kwa sababu jiko la umeme halina ukoko. Namwachia maziwa yafurike kidogo. Anakunywa kwenye lile kopo la ukingo wa buluu, na akimaliza analiweka mezani wazi, mdomo juu. Watoto wangu wanadhani babu amesahau, wanamwongezea, naye anaiacha ipoe. Siku moja, tukiwa wawili, nilimuuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba, alhamdulillahi. Nikamwambia basi afunike.

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa buluu.

"Nilishafunika moja," alisema. "Inatosha."

Nikachukua birika nikamwongezea.